Siku Nilipoikata Bahari

Kwa miaka mingi majirani zangu hapa Mtongwe waliamini kwamba nauza gesi ya kupikia. Walijua nafanya kazi ya serikali, walijua ina mambo ya gesi, basi yaliyobaki wakayamaliza wenyewe. Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta mitungi mitatu mitupu imepangwa barazani kwangu, na Bi Mejumaa wa nyumba ya pili amesimama, mikono kiunoni.

"Mwambie bosi wako mtungi wangu wavuja!"

Nikamwambia, "Shoga, gesi yetu sisi iko chini ya bahari. Chini ya bahari kuna tope, chini ya tope kuna mwamba, na ndani ya mwamba hatujui kama imo."

Akaniangalia kwa huruma. "Sasa mwalipwa kwa kazi gani?"

Nanyi vijana mlioajiriwa juzi katika ofisi yangu ya zamani, mlipokuja kunitazama Jumapili na mfuko wenu wa machungwa, mliniuliza lilo hilo kwa adabu zaidi. Mkanitaka niandike. Haya, naandika, lakini msitarajie niwapangie mwaka kwa mwaka. Kichwa changu hakikumbuki kazi kwa miaka, chakumbuka kwa aibu. Aibu ndogo ziko nyingi na nitawapa moja mbili mcheke. Aibu kubwa ni moja, na hiyo nimeingoja miaka na miaka nijue mwisho wake. Nimeujua mwaka huu. Ndiyo maana mwaniona nimenenepa.

Kazi yenyewe mwaijua, lakini acheni niieleze kwa lugha ya Bi Mejumaa, maana mkishindwa kumweleza yeye, basi hata nyinyi hamjaielewa. Bahari yetu ya mbali, kule maji yalikogeuka meusi, serikali imeikata vitalu. Kampuni zataka kutafuta gesi, serikali yatangaza zabuni, anayetoa masharti mazuri apewa kitalu. Lakini kabla ya kutangaza, lazima pawe na mtu wa kuiambia serikali: kitalu hiki kina dalili, kile hakina. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ukiuza kitu usichokijua, mnunuzi atakijua kabla yako, na hatakwambia.

Twajuaje basi? Kwa mwangwi. Meli huburura nyaya ndefu zenye masikio, hupiga mshindo wa hewa ndani ya maji. Mshindo washuka, wagonga mwamba, warudi. Lakini mwangwi hausemi, "Nimetoka mita kadhaa chini." Husema tu, "Nimechukua muda kadhaa kwenda na kurudi." Muda si kina. Lishikeni hilo, wanangu, kwa mikono miwili.

Katika mwangwi huo twatafuta tuta, yaani mahali mwamba ulipoinuka katikati ukainama pembeni. Gesi ni nyepesi, hupanda. Ikikuta tuta lenye kifuniko kizuri cha udongo mzito, hukaa hapo. Pakiwa bapa, hupita zake. Na hata tuta likiwepo, gesi huenda isiwemo. Sufuria kuwa na kifuniko si ithibati kwamba ndani mna wali.

Ofisi yetu ilikuwa Changamwe, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya malori. Aliyenipokea alikuwa Mzee Kazungu, mchoraji ramani, mtu wa Kisauni. Chuo kikuu hakukanyaga. Alianza kazi kwa kuwachongea penseli wataalamu wa kigeni, akaishia kuwasahihisha. Mimi niliingia na shahada yangu kwenye bahasha na viatu vya kisigino.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wajua kuchonga penseli?"

Nikadhani ananifanyia mzaha. Akaichukua penseli yangu, akaitazama kama mtu anayetazama samaki wa jana, akachora mstari mmoja juu ya karatasi ya mwangwi. "Unauona unene huu? Kule chini, ndani ya mstari huu yaingia nyumba ya ghorofa nzima. Sasa wewe utawaambia serikali mwamba wako uko ghorofa ya ngapi?"

Nilichonga penseli wiki nzima. Jioni nikirudi nyumbani vidole vimejaa rangi, mama yangu aniuliza kama nimeajiriwa shule ya chekechea.

Karatasi zile zilikuwa mikanda mirefu. Mmoja ukiutandaza waenda kutoka mlangoni hadi dirishani. Mzee Kazungu alikuwa na sheria moja asiyoivunja. Kabla ya kutafuta mwamba, kabla ya kusema neno lolote kuhusu gesi, washika penseli ya buluu na kuichora sakafu ya bahari, mwanzo wa mkanda hadi mwisho. "Anza na maji," alikuwa akisema. "Mgeni hafiki chumbani kabla ya kupita barazani." Nami nilikuwa nikiona ni kupoteza buluu tu, kwa kuwa hakuna gesi inayokaa sakafuni.

Nimewaahidi aibu ndogo. Kulikuwa na ramani moja ya zamani iliyonakiliwa mara nyingi, na nakala ikinakiliwa tena. Akaja mgeni wa kampuni ya nje, mtu wa suti, akainama juu yake, akaona duara zuri mno katikati ya kitalu. Akasema hilo ni tuta la matumbawe ya kale. Akaeleza lilivyoota, wadudu gani walilijenga, na gesi ingelijazaje. Sote twaitikia kwa vichwa, mimi naandika. Mzee Kazungu akangoja amalize. Kisha akaleta ramani ya asili kutoka stoo na kikombe chake cha chai, akakiweka juu ya duara. Kilikaa sawasawa juu ya doa lake la zamani. Yule bwana alicheka mpaka akalegeza tai, Mungu ambariki, maana wengine wangenuna. Tangu siku hiyo chai ikawa yanywewa barazani.

Kisha zikaja kompyuta, na hapa ndipo kicheko changu kinapokatika.

Wallahi nilizipenda. Mkanda wa kutoka mlangoni hadi dirishani waingia ndani ya kioo, waubadilisha rangi utakavyo, wavuta karibu, wasukuma mbali. Ila skrini za wakati huo zilikuwa ndogo. Na bahari ya mbali ina maji mengi, mnajua wenyewe. Ukiiweka picha nzima, nusu ya juu ni weusi mtupu, ndiyo maji, na mwamba unaoutaka wabanwa huko chini kama mguu kwenye kiatu cha mdogo wako. Basi nikafanya alivyofanya kila mtu. Nikaikata. Nikaiambia kompyuta inionyeshe kuanzia chini ya sakafu tu, karibu na mwamba ninaoutafuta. Picha ikajaa skrini, ikapendeza. Nikawafundisha na wenzangu. Mikanda ya karatasi ikapelekwa stoo, na Mzee Kazungu akapelekwa nayo akawe mtunza stoo. Alichukua penseli zake akashuka ngazi.

Mwaka huo zabuni ilikuwa yaja na vitalu vilikuwa saba. Mkuu wetu alikuwa Bwana Mwakio, Mtaita, mtu safi, shati lake hata joto la Machi halikulikunja. Nairobi wakipiga simu, alikuwa akisimama ili kuijibu. Akataka tathmini zote saba haraka. Nikafanya. Cha saba kilikuwa kile cha kusini kabisa, na nilikitazama siku mbili. Mwamba wake ulilala bapa pembe hadi pembe. Nikaandika: hakuna umbo la kuhifadhi gesi. Nikatia sahihi, na Bwana Mwakio akatia yake chini yangu.

Nairobi wakapata wazo. Kwa kuwa kusini hamna kitu, kifanywe nyongeza. Kampuni itakayochukua kitalu cha jirani, ipewe na hicho juu yake, bure, bila sharti la kuchimba, kama muuza machungwa anavyokutilia moja la mwisho ili urudi kesho. Ikapendeza. Mimi mwenyewe nilisema ni wazo zuri. Na wakati huo huo barua yangu ya kupanda cheo, niwe mkuu wa kitengo, ilikuwa mezani kwa mtu fulani huko juu yangoja mhuri.

Zilibaki siku kumi na moja orodha ya vitalu itangazwe.

Jumatatu hiyo kivuko cha Likoni kilisimama katikati ya mkondo, injini imegoma, tukaelea hapo tukitazamana. Kutoka kwetu Mtongwe, ukisimama ufukweni, upande wa Changamwe wayaona matangi ya mafuta yale pale, karibu umwite mtu kwa jina. Siku hizi nyinyi mwapita barabara mpya ya Dongo Kundu mwafika kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa twazunguka Timbwani, kivuko, kisiwani, ndipo bara ya upande wa pili. Nikafika ofisini jua limepanda. Bwana Mwakio alikuwa mlangoni.

"Bi Mwanamisi. Watu wa Mariakani wamefika. Mtongwe ni mbali kuliko Mariakani?"

Nilikuwa nimelowa jasho na hasira. Nikasema, "Mtongwe si mbali, bwana. Ni maji yametuchelewesha."

Nikaketi. Nikawasha kompyuta. Na maneno yangu mwenyewe yakanirudia, ya mtu aliyechelewa si kwa kuwa ametoka mbali, bali kwa kuwa amevuka maji.

Sauti majini huenda polepole, wanangu. Mwambani huenda mbio, mara mbili na zaidi. Darasa la kwanza kabisa hilo. Ikiwa mahali fulani sakafu ya bahari ina korongo, hapo sauti itapita maji mengi na mwamba kidogo, basi itachelewa. Na ukiuona mwangwi umechelewa, utadhani mwamba uko chini zaidi kuliko ulivyo. Na kama chini ya korongo lile kuna tuta, tuta litashushwa, litabanwa, litaonekana bapa. Mimi nilikuwa nimegeuza muda kuwa kina kwa kipimo kimoja kwa kitalu kizima, kana kwamba maji yote yalikuwa sawa. Kwa nini? Kwa sababu maji sikuyaona. Nilikuwa nimeyakata ili picha ienee.

Nikairudisha picha nzima kwenye skrini. Juu ya kile kitalu cha saba, katikati hasa, sakafu ya bahari ilikuwa imeingia ndani kama bakuli, korongo refu. Lilikuwepo siku zote.

Nikashuka stoo. Mzee Kazungu alikuwa anapanga kanda za sumaku za kompyuta. Sikumsalimu hata. Nikamwambia, "Mzee, nipe mikanda ya kusini." Akanitazama uso, akaacha alilokuwa akifanya. Tulitandaza karatasi sakafuni baina ya rafu, tukapiga magoti pande mbili. Akatoa penseli ya buluu kutoka mfukoni mwa shati. Alikuwa bado atembea nayo! Akaichora sakafu ya bahari, polepole, mwanzo hadi mwisho, na mimi nikahesabu: maji kando, mwamba kando, nukta kwa nukta. Tulifanya hivyo siku mbili, mstari baada ya mstari, mikanda yote kumi na minne. Kila mkanda ukisahihishwa, mwamba wainuka katikati. Mwisho tukachora ramani. Bapa langu lilikuwa tuta. Tena si tuta dogo, lilikuwa kubwa kuliko la kitalu chochote katika vile sita.

Tukakaa chini palepale.

"Nani mwingine ajua?" akaniuliza Mzee Kazungu.

"Wewe, mimi na Mwenyezi Mungu."

"Basi tushakuwa wengi."

Nikalia. Nawaambia kweli, nililia kama mtoto, juu ya vumbi la stoo. Nilijua ninachokipoteza. Ile barua yangoja mhuri. Bwana Mwakio ametia sahihi chini ya yangu, na Nairobi wamekwisha kuchapa orodha. Na nikinyamaza, nani angejua? Kampuni ingepewa kitalu kama nyongeza, ikae nacho miaka, ikiona tuta ifurahi na bahati yake, isipoliona basi. Hakuna ambaye angerudi kuniuliza, "Bi Mwanamisi, maji uliyaweka wapi?" Ila mimi ningelijua kwamba kitu kilichokuwa chetu kimetiwa kwenye kikapu cha mtu kama chungwa la juu, na mkono uliokitia ni wangu.

Mume wangu Shee alikuwa fundi wa viti vya magari, mtu asiye na maneno. Nilimweleza tukila. Akatafuna, akameza, akasema, "Mimi nikishona kiti nikakumbuka nimesahau sindano ndani, nampigia mwenye gari. Hata kama keshafika Voi." Akaendelea kula. Nikamchukia kidogo, maana nilitaka anipe sababu ya kunyamaza.

Bwana Mwakio alinisikiliza amesimama. Nilimtandazia ramani ya kwanza na ya pili. Alikuwa mtu wa fani, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Niliuona uso wake ukibadilika.

"Siku nane," akasema. "Siku nane zimebaki, waniletea hili."

"Naam, bwana."

"Tumeshawaandikia kwamba hamna kitu. Sahihi yangu iko hapo!"

"Naam. Nimekosea mimi."

"Ulisema bapa, sasa wasema tuta. Ulikosea mara ya kwanza, nitajuaje hujakosea mara ya pili?"

Swali lilikuwa la haki, na mimi mwenyewe nilikuwa nalo tangu alfajiri. Nikasema, "Hutajua, bwana. Mpaka achimbe mtu."

"Na gesi imo?"

"Tuta lipo. Gesi sijui."

"Sijui!" Akapiga meza. "Niende Nairobi nikawaambie sijui?"

"Ndiyo kweli yenyewe."

Mzee Kazungu alikuwa mlangoni, sikumwona alipofika. Akasema kwa sauti ya chini, "Bwana mkuu, na mimi nimehesabu. Kama kuna karatasi ya kutia sahihi, nami nitatia." Mtunza stoo! Sahihi yake haikuwa na uzito wowote wa ofisi, na alijua. Aliitia hata hivyo, kwa herufi zile zake za ramani, kila moja imesimama wima. Sijasahau na sitasahau.

Bwana Mwakio alikwenda Nairobi na mikanda imekunjwa chini ya kwapa, kwa basi, kwa kuwa hakuiamini mizigo ya ndege. Siku tatu sikula vizuri. Aliporudi, shati lake lilikuwa na makunyanzi, mara ya kwanza kumwona hivyo. Orodha ilipotangazwa ilikuwa na vitalu sita. Cha saba kimeondolewa, bila maelezo. Nikaenda chooni nikajifungia, nikasujudu kwenye ile saruji, sijali kama ni mahali pake.

Barua ya cheo haikuja. Badala yake ilikuja nyingine ya kunipeleka stoo kupanga kanda, na Bwana Mwakio ndiye aliyeiandika. Nilikaa huko mwaka na nusu na Mzee Kazungu, na kusema kweli ndiko nilikojifunza kazi. Baadaye wakanirudisha juu, maana vitalu havijitathmini vyenyewe. Lakini Bwana Mwakio hakupata kuniita tena mezani kwake ila kwa jambo la lazima. Alinisalimu, nikamwitikia, basi. Alistaafu, nami nikastaafu baada yake, afisa wa kawaida, nikapewa saa ya ukutani.

Kitalu cha saba kilikuja kutangazwa peke yake, miaka mingi baadaye, kwa ramani yetu ile ile na kwa sharti kali: atakayekichukua lazima achimbe kisima, kwa gharama yake, na matokeo yote yawe ya serikali. Kikapata mtu. Lakini kuchimba kwenye maji yale si kuchimba choo, na mambo yakajikokota mwaka hadi mwaka. Mzee Kazungu hakuungoja mwisho. Tulimzika Kisauni, na kanisani nilikaa nyuma na buibui langu nikiwaza: mzee huyu ametia jina lake kwa ajili yangu, na mpaka leo sijui kama nilimtilisha jina kwenye kweli au kwenye kosa la pili.

Kwa maana shaka haikutoka, wanangu. Msidhani mtu akisema kweli hulala siku hiyo hiyo. Nilikuwa na mashaka ya kila aina. Huenda nilipunguza mno mwendo wa sauti. Huenda pembeni mwa korongo mlikuwa na tope laini nikalihesabu kama mwamba. Huenda nilikiondoa kitalu kwenye zabuni, nikamvunjia Bwana Mwakio heshima kwa wakubwa wake na kuupoteza mwaka na nusu wa stoo, kwa tuta lililokuwa kichwani mwangu tu. Niliwahi kumwamsha Shee kumwuliza. Akasema, "Mimi ni mtu wa viti," akageuka upande.

Mwaka huu, asubuhi ya Jumanne, nilikuwa nakuna nazi. Simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Bi Mwanamisi? Ni Mwakio. Wa ofisini."

Nikaitia simu unga wa nazi. Sauti imezeeka, lakini ni yeye. Alikuwa kwao Taita, akifuga mbuzi, na bado kuna mtu huko Nairobi aliyekuwa akimpa habari. Tukasalimiana kirefu, wazee wa nyumbani, wajukuu, mvua, mbuzi.

"Wamechimba," akasema. "Cha saba. Wamefunga kisima juzi."

Nikaketi juu ya mbuzi yangu ya nazi. "Tuta?"

"Lipo."

"Kina?"

"Pale pale ulipoandika. Tofauti yake labda urefu wa minazi miwili, mitatu."

Nikafumba macho. Minazi mitatu, chini ya bahari ile yote, chini ya korongo lile! Nikauliza la mwisho. "Na gesi?"

"Maji ya chumvi, Bi Mwanamisi. Gesi ya kunusa tu. Wamefungasha, wanaondoka. Serikali haikutoa hata shilingi."

"Alhamdulillahi!" Nilipiga ukelele, Shee akaja mbio kutoka uani na bakora mkononi akidhani kuna nyoka.

"Wamepata gesi?" akaniuliza.

"Wamepata maji!"

Akanitazama, akaitazama nazi iliyomwagika, akarudi uani. Na kwenye simu Bwana Mwakio alikuwa anacheka. Sikupata kumsikia akicheka katika maisha yangu. Ni cheko jembamba, la kupanda juu, kama la msichana. Nami nikacheka, nikashindwa kuacha, machozi yanitoka. Wazee wawili, mmoja Mtongwe, mmoja Taita, twashangilia shimo la maji ya chumvi, kwa kuwa tuta lilikuwepo.

Kisha akasema, "Ile karatasi niliipeleka Nairobi bila kuiamini. Wajua?"

"Nilijua, bwana."

"Niliwaambia naiamini. Niliapa. Halafu nikarudi nikakutupa stoo kwa hasira, kwa kuwa umenifanya niapie kitu nisichokijua. Miaka yote hii sijalala vizuri."

Sikuyajua hayo. Miaka yote nilidhani shaka ni yangu peke yangu, na yeye ana hasira tu. Kumbe tulikuwa tumeilalia moja, kila mtu kwenye kitanda chake.

"Basi kalale sasa, Bwana Mwakio," nikamwambia.

"Ndiyo kwanza saa tano za asubuhi, na mbuzi hawajanyweshwa."

"Kalale hivyo hivyo. Hata mimi naenda."